Kura ya jaji wa tano: maneno machache kuhusu Philip Waruinge

Wazee wangu, makocha, waamuzi mlioketi pale mezani, kina mama mliowaleta watoto, na ninyi vijana ambao mmeshafunga bandeji mikononi na mnangoja niondoke hapa mbele: hamjambo.

Najua hakuna bondia anayependa hotuba kabla ya pambano. Mwili ukishapata moto hautaki kusimamishwa usikilize historia. Lakini mwenyekiti amenipa nafasi nimzungumzie Mzee Philip Waruinge, na sikuweza kuikataa, kwa sababu nina ugomvi wa siku nyingi na namna tunavyomkumbuka. Mtaje Waruinge popote walipo mashabiki wa ndondi, na kabla hujamaliza mtu atakuambia, "Ah, yule aliyekosa dhahabu." Basi. Miaka yote ile ulingoni imefungwa kwa neno moja la kukosa. Leo nataka tuutazame huo ukosefu kwa karibu, tuone ulikuwa wa nani.

Tuanze na mambo yenyewe, maana wengi wenu mmezaliwa yeye akiwa tayari mzee.

Waruinge alizaliwa mwaka 1945. Michezo ya Afrika Nzima ilipofanyika kwa mara ya kwanza, Brazzaville 1965, alikuwa na miaka 20, naye akatwaa dhahabu ya uzani wa unyoya, yaani kilo 57. Mwaka uliofuata akaenda Kingston, Jamaica, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akarudi na dhahabu nyingine. Mwaka 1970 michezo hiyo ikafika Edinburgh, na dhahabu ya uzani ule ule ikaenda kwa mtu yule yule. Katikati ya Kingston na Edinburgh kuna Olimpiki ya Mexico City ya 1968, alikopata shaba, ambayo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya ndondi katika historia ya Kenya. Halafu Munich 1972, fedha. Ziweke zote kwenye mstari mmoja: michezo mikubwa mitano, mabara matatu, miaka saba, uzani mmoja.

Hapo kwenye uzani mmoja naomba tusimame kidogo, kwa sababu mashabiki hupita hapo mbio na mabondia ndio wanaojua. Kubaki kilo 57 ukiwa na miaka 20 si kazi. Kubaki hapo ukiwa na miaka 27, mifupa imekomaa na mabega yamepanuka, ni habari nyingine. Na ndondi za ridhaa, yaani zisizo za kulipwa, hazikupi nafasi ya kupumua. Mashindano yanachukua kama wiki mbili, na kila siku unayopigana unapanda mizani asubuhi kabla hujaonja hata chai. Unavua nguo, unasimama pale mbele ya afisa mwenye karatasi, mshale unacheza. Ukizidi hata kidogo, unatoka nje ukavae makoti mawili na kuruka kamba mpaka jasho likate. Ukifaulu unakunywa uji, unalala kidogo, jioni unapigana. Kesho kutwa tena hivyo hivyo. Anayefika fainali amepita hapo mara nne au tano. Ninyi mnaocheka pale nyuma, nadhani ni wale waliokuwa wanaruka kamba saa kumi na moja alfajiri leo.

Sasa twende Mexico.

Oktoba 1968. Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na wengi walitapatapa kwa kukosa pumzi. Wakenya hawakutapatapa. Ndiyo michezo ile ya Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott, dhahabu tatu za riadha ambazo kila mtoto wa shule anazijua. Kenya ilirudi na medali tisa. Nane zilitoka kwenye riadha. Moja ilitoka ulingoni, nayo ni hii tunayoiita ya kukosa.

Waruinge alifika nusu fainali katika ukumbi wa Arena México. Mpinzani wake aliitwa Antonio Roldán, na Roldán alikuwa Mmexico. Mcheza kwao hutunzwa, na ukumbi wote ulikuwa tayari kumtunza. Raundi tatu za dakika tatu. Siku zile hakuna kofia za kujikinga kichwa, hizo zilikuja Olimpiki ya 1984. Dakika tisa za mapigano, halafu refa anawashika wote wawili mikono, katikati ya ulingo, na wanangoja.

Naomba niwaeleze wanachokingoja, maana mfumo wa wakati ule vijana hamkuuona. Majaji walikuwa watano, kila mmoja amekaa peke yake kando ya ulingo na karatasi yake. Baada ya kila raundi, aliyepigana vizuri zaidi alipewa alama 20 na mwenzake akapewa pungufu, 19 au chini ya hapo kutegemea tofauti. Mwishoni jaji anajumlisha. Na hapa ndipo penye utamu na uchungu: alama zikilingana, jaji haruhusiwi kusema sare. Lazima achague. Anatazama nani aliongoza mashambulizi, nani alikuwa na mtindo mzuri zaidi, nani alijikinga vyema, kisha anaandika jina moja. Kwa hiyo matokeo mnayoyasoma vitabuni, 5-0, 4-1, 3-2, si idadi ya ngumi wala alama za pambano. Ni idadi ya watu waliokaa kwenye viti vile vitano. Pambano lililobanana kabisa na pambano lenye tofauti ndogo ila wazi, yote mawili yanaweza kutoka 5-0. Na pambano ambalo majaji wote watano wameona raundi zilezile karibu sawa linaweza kutoka 3-2 kwa sababu mmoja alipenda miguu na mwingine akapenda mikono.

Roldán alishinda 3-2.

Majaji wawili waliona Mkenya ameshinda. Watatu waliona Mmexico. Mmoja tu kati ya wale watatu angeandika jina lingine, Waruinge angekuwa fainali. Na fainali yenyewe ilikuwaje? Roldán alikutana na Mmarekani Albert Robinson. Katika raundi ya pili refa akamtoa Robinson kwa madai ya kumpiga mwenzake kichwa, Roldán akiwa anavuja damu, na dhahabu ikaamuliwa hivyo. Kwa hiyo dhahabu ya kilo 57 ya mwaka 1968 ilipatikana kwa kura moja kwenye nusu fainali na kwa mpinzani kufukuzwa kwenye fainali. Simdharau Roldán. Alipanda ulingoni, akapigana, akafuata kanuni za siku ile. Ninachosema ni kwamba ukitumia dhahabu hiyo kama rula ya kumpimia Waruinge, kwanza ikague rula.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hiki ndicho tunachokisahau.

Kuna kombe linaitwa la Val Barker. Lilianza kutolewa kwenye Olimpiki mwaka 1936, na halikuwa na uzani. Lilikuwa likienda kwa bondia mmoja tu, awe wa kilo 48 au jitu la uzani wa juu, aliyeonyesha ufundi kuliko wote waliopanda ulingoni katika michezo ile. Mwaka 1968 miongoni mwa waliotwaa dhahabu alikuwamo kijana mmoja wa uzani wa juu kutoka Marekani aliyeitwa George Foreman. Nadhani mnamjua. Kombe halikwenda kwa Foreman. Halikwenda kwa Roldán. Lilikwenda kwa mwenye shaba kutoka Kenya.

Ni nadra mno kombe hilo kumwendea asiye na dhahabu. Wapo wanaosema walimpa ili kumfuta machozi, kwamba waliona wamemkosea kwenye nusu fainali wakatafuta namna ya kumpoza. Inawezekana. Sikuwamo kikaoni. Lakini walioonewa kwenye mashindano yale hawakuwa mmoja. Robinson mwenyewe alikuwa na sababu ya kulia kuliko yeyote, na kombe hawakumpa. Hata kama ilikuwa pole, pole ya aina hiyo humwendea tu mtu ambaye kila aliyekaa ukumbini ameona anajua kazi.

Ndiyo maana nawaambia mabondia vijana: mkiulizwa Waruinge alipata nini Mexico, msianze na shaba. Anzeni na Val Barker.

Mtu akishaporwa kura moja mbele ya dunia, mara nyingi hutafuta mlango wa kutokea. Wengine wanakimbilia ndondi za kulipwa wakiwa bado na hasira. Wengine wanatundika glovu na kuanza kusimulia. Waruinge alirudi kwenye mizani ya kilo 57. Edinburgh 1970, dhahabu, kama nilivyosema. Halafu Munich.

Munich 1972 haina haja ya kupambwa. Tarehe 5 Septemba wanamichezo wa Israel walivamiwa katika kijiji cha Olimpiki, wakauawa, michezo ikasimama, ikaendelea. Siku tano baadaye zilipigwa fainali za ndondi, watu wakiwa bado na msiba usoni. Kenya ilikuwa imefanya jambo ambalo haijawahi kulifanya: Samuel Mbugua alikuwa na shaba ya uzani mwepesi, Dick Murunga shaba ya uzani wa welter, na Waruinge alikuwa fainali. Medali tatu za ndondi katika Olimpiki moja. Nchi iliyopata uhuru mwaka 1963 ikiwa na watu chini ya milioni 10 ilikuwa inapanda ulingoni na Umoja wa Kisovyeti, uliokuwa na watu zaidi ya milioni 240, na wanamichezo ambao huko kwao waliitwa wa ridhaa huku dola ikiwatunza asubuhi mpaka jioni.

Mpinzani aliitwa Boris Kuznetsov. Matokeo: 3-2. Kwa Kuznetsov.

Mara mbili. Olimpiki mbili mfululizo, majaji kumi kwa jumla kwenye mapambano yale mawili, wanne wakimpa yeye, sita wakimpa mwenzake. Jaji mmoja angegeuka Mexico, tungekuwa na fainali. Jaji mmoja angegeuka Munich, tungekuwa na dhahabu ya ndondi miaka 16 kabla ya Robert Wangila kuileta kutoka Seoul.

Kuna swali huwa naulizwa hapa: je, aliibiwa? Sipendi kulijibu kwa ndiyo au hapana, na sababu si uoga. Neno "aliibiwa" linafaa pale mtu mmoja amepiga na mwenzake amepigwa, na majaji wakageuza. Seoul 1988, Roy Jones wa Marekani alimcharaza mwenyeji Park Si-hun raundi zote tatu, na majaji wakampa Park, 3-2. Ule ni wizi, nao baadaye walimpa Jones kombe lile lile la Val Barker. Ya Waruinge ni ya aina nyingine, na kwangu mimi ni ngumu zaidi kuibeba. Ni mapambano yaliyobanana, na kila yakibanana, kura iliangukia upande wa pili. Na hapa ndipo udogo wa nchi unapoonekana. Bondia wa nchi ndogo hana upungufu wa mkono wala wa moyo. Anakosa mapambano ya kimataifa ya kumfanya jina lake lijulikane kwa majaji kabla hajapanda. Hana maafisa wake kwenye vikao vya shirikisho la dunia. Jaji anayesitasita kati ya majina mawili huelekea kuliandika lile alilokwisha kulisikia. Huyo si mwizi. Ni binadamu aliyechoka, pambano la kumi na mbili usiku ule, na kalamu mkononi.

Waamuzi wetu, nitarudi kwenu.

Jambo moja zaidi kuhusu enzi yake ya ridhaa. Leo bondia akikosa Olimpiki ana mashindano ya dunia ya kwenda kujifariji. Waruinge hakuwa nayo. Mashindano ya dunia ya ridhaa yalianza Havana 1974, na yeye alikuwa ameshatoka mwaka mmoja kabla. Kwa kizazi chake, mahali pa kukutana na dunia nzima palikuwa pamoja tu, na palifunguliwa mara moja kila miaka minne. Ukikosa kwa kura moja unarudi nyumbani, unasubiri siku elfu moja mia nne na ushee, huku mizani inakungoja kila asubuhi.

Mwaka 1973 akaingia ndondi za kulipwa, na akaingilia Japani. Huko akapigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Alikuwa na miaka 28. Na hapa watu wanaotaka kumkosoa hufungua kitabu cha rekodi na kusoma: mapambano 25, ushindi 14, kushindwa 10, sare moja. "Kumbe hakuwa mkali hivyo."

Haya, tulieni tulifungue vizuri hilo kabati la rekodi.

Ndondi za ridhaa za wakati wake zilikuwa dakika tisa. Pambano la ubingwa wa dunia wa kulipwa mwaka 1976 lilikuwa raundi 15, yaani dakika 45. Huko kwenye dakika tisa unafundishwa kugusa, kutoka, kugusa, kutoka, na kuonekana safi mbele ya viti vitano. Kwenye dakika 45 mwenzako hajali kupoteza raundi nne za mwanzo, anakupiga mbavu na viwiko vya mikono mpaka mikono ishuke yenyewe. Ni ufundi mwingine. Anayeuanza akiwa na miaka 19 anaupata polepole, kwa wapinzani wepesi waliochaguliwa na meneja. Anayeuanza akiwa na miaka 28, na medali mbili za Olimpiki shingoni, hapewi wepesi. Anauzwa kama jina.

Angalia walivyomuuza. Aprili 1976, WBC, mojawapo ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia wa kulipwa, ilikuwa imeunda uzani mpya wa bantam ya juu, kilo 55 na kidogo, na ukanda wake wa kwanza kabisa ukashindaniwa Panama. Waruinge akapelekwa kupigana na Rigoberto Riasco, Mpanama, Panama. Mcheza kwao tena! Alisimamishwa raundi ya 8. Novemba mwaka huo huo akapelekwa Culiacán, Mexico, kuwania ukanda wa bantam. Bantam ni kilo 53.5. Fanyeni hesabu: mtu aliyepigana kilo 57 tangu akiwa na miaka 20, sasa ana miaka 31, anatakiwa ashuke kilo tatu na nusu chini ya uzani wa ujana wake. Na anayemngoja kule juu ni Carlos Zárate, aliyekuwa hajapoteza pambano hata moja na karibu wote aliokutana nao walikuwa wamelamba sakafu. Ilikwisha raundi ya 4.

Mnaona? Nafasi mbili za ubingwa wa dunia ndani ya miezi minane, zote nyumbani kwa mpinzani au karibu nyumbani, zote kwa uzani usio wake. Makocha wa ridhaa, hili nawaambia ninyi hasa. Bondia wenu mzuri akifikisha miaka 26 atakuja mtu na karatasi. Msimkataze, ana familia, na medali hailipi kodi ya nyumba. Lakini muulizeni huyo mwenye karatasi maswali mawili: uzani gani, na kwa nani. Akijibu "tutaona", mwambieni arudi akishaona.

Mimi sihesabu miaka ya Japani kama hitimisho la Waruinge. Naihesabu kama kazi ya pili, aliyoianza amechelewa, kama wengi wetu tunavyobadilisha kazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa imekamilika, na ndani yake alikuwa miongoni mwa wachache bora duniani kwa miaka saba.

Na wapo waliokuwa na bahati mbaya zaidi ya kura moja. Stephen Muchoki, kijana wa uzani mdogo kabisa, alipata fedha kwenye yale mashindano ya kwanza ya dunia, Havana 1974, halafu dhahabu Belgrade 1978. Bingwa wa dunia wa ridhaa, Mkenya. Je, Olimpiki yake iko wapi? Montreal 1976 Afrika iligoma kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda Afrika Kusini ya ubaguzi. Moscow 1980 Kenya ikagoma tena, safari hii pamoja na Marekani. Mgomo wa kwanza ulikuwa wa haki, nami nausimamia hadi leo. Wa pili sijawahi kuelewa ulitusaidia nini. Lakini yote miwili ililipwa na watu wasiokuwamo kwenye vikao vilivyoiamua. Waruinge angalau alipata majaji watano wa kulaumu.

Sasa waamuzi wetu. Msiogope, sitataja mtu.

Baada ya aibu ya Seoul, Olimpiki ya 1992 ililetewa mashine. Majaji watano, kila mmoja na vitufe. Ngumi ikihesabiwa tu kama watatu wameibonyeza ndani ya sekunde moja. Wakubwa walidhani wameua upendeleo. Kilichokufa ni ngumi za mwili. Nani anabonyeza kitufe kwa ngumi ya ubavuni asiyeiona vizuri? Mabondia wakajifunza kurusha mkono mmoja mrefu wa kichwani, kisha kukimbia. Baadaye mashine zikaondolewa, tukarudi kwenye alama kumi kwa raundi, na Rio 2016 kelele zikaanza upya. Shirikisho la dunia lenyewe likafutiwa utambuzi na Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwaka 2023. Ilifika mahali hatukujua kama ndondi zitakuwamo Los Angeles 2028, mpaka zilipothibitishwa mwaka 2025. Miaka yote hiyo, mifumo yote hiyo, na bado mwisho wa siku ni mtu kwenye kiti anayeandika jina.

Kocha mmoja, rafiki yangu, ana jibu fupi kwa haya yote: "Dawa ya jaji ni nokauti." Na mfano anao. Seoul hiyo hiyo alikoibiwa Jones, Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya welter, na hakuna jaji aliyepata nafasi ya kukosea. Dhahabu pekee ya Olimpiki ya ndondi tuliyo nayo mpaka leo. Nakubali, inafurahisha. Lakini Wangila alikuwa na mkono ambao Mungu huwagawia wachache, tena kwa kilo 67. Huyu kijana wa kilo 51 aliyekaa pale mbele ukimfundisha kutafuta nokauti kila raundi, ataacha kujikinga, na atakayepelekwa kwa daktari ni yeye. Bado ninataka vijana wafundishwe kupigana kama mtu aliyepewa Val Barker: kwa kichwa, kwa miguu, kwa mkono unaojua unakwenda wapi. Kisha tuwadai waamuzi waione kazi hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu waamuzi ni dogo. Leo usiku mtakapokuwa hamna uhakika wa raundi, na mtakuwa hamna, msitazame kona. Msitazame fulana imeandikwa klabu gani. Kijana wa klabu ndogo aliyekuja na matatu mawili na glovu za kuazima anastahili kuandikwa jina lake kama ameshinda, hata kama hamjawahi kulisikia.

Na ombi la pili ni kwa klabu, na nitakaa chini nikishalisema. Mapambano yale 25 ya Waruinge ya kulipwa yameandikwa yote, tarehe, mji, raundi, mpinzani, na yeyote anaweza kuyasoma. Yale ya ridhaa, yaliyomfikisha Kingston na Mexico na Munich, yale ya kwenye kumbi za kijamii kama hii, mengi yaliishia kwenye karatasi za majaji, na karatasi za majaji huishia kufungia maandazi. Ndiyo maana mtu anasoma 14 kwa 10 na kudhani amemsoma Waruinge. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu. Kila pambano liandikwe: jina, klabu, uzani wa asubuhi, mpinzani, kura za kila jaji, si mshindi peke yake. Jaji aliyempa kijana kura katika pambano la 3-2 alilopoteza, kura hiyo iandikwe pia. Katibu atie sahihi, daftari likae ofisini, lisiende nyumbani kwa mtu.

Mwenyekiti, hilo daftari nimelinunua, liko kwenye mfuko wa karatasi chini ya kiti changu. Pambano la kwanza ni la saa ngapi? Basi kalamu ipatikane kabla ya hapo. Ahsanteni sana, na wenye maswali tukutane kando, wenzetu wanataka ulingo wao.